Baba anataka kupanda Kilimanjaro nasi, na ameniomba nifiche presha yake

Dada Mshauri,

Pole na kazi ya kutusikiliza. Nina jambo linaloninyima usingizi, na muda unanibana.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, naishi Dar es Salaam. Kwetu tumezaliwa wanne. Mimi ni wa tatu, wa kike peke yangu. Nyumbani ni Mamba, jirani na Marangu, na kama ilivyo kwa Wachaga wengi, Desemba lazima turudi. Mwaka huu kaka mkubwa alikuja na wazo kwamba badala ya kukaa wiki nzima tukila na kunywa, tupande Kilimanjaro kama familia. Mlima huo tumeutazama tangu tukiwa wadogo na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka geti. Tukakubaliana twende watano: kaka mkubwa na wifi, kaka wa pili, mdogo wetu wa kiume, na mimi. Kaka wa pili alitamani kumleta mwanawe wa miaka 12, lakini mtoto ana seli mundu na daktari wake hakutaka hata kusikia, kwa hiyo atabaki na mama yake.

Tumechagua njia ya Marangu kwa sababu kuna vibanda vya kulala na tumeambiwa ndiyo nafuu. Ni siku tano: tunaingia getini tarehe 27 Desemba, tunatoka 31, mwaka mpya unatukuta nyumbani. Kila mmoja amechanga shilingi 1,300,000. Mimi ndiye mweka hazina, na ndiye ninayejaza makaratasi yote.

Agosti tulikuwa nyumbani kwa kipaimara cha mtoto wa kaka mkubwa. Baba alipousikia mpango wetu akasema naye anakwenda. Ana miaka 66, ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Alisema, "Nimewaandikia watoto ubaoni miaka thelathini kwamba kilele kiko mita 5,895. Nataka niende nikaione." Kaka zangu walicheka, na walipoona mzee hatanii wakakataa. Kaka wa pili, ambaye ni mtu wa mazoezi na hukimbia kilomita kumi kila Jumamosi, alimwambia usoni kwamba atatuchelewesha na mwisho tutajikuta tunambeba. Baba hakujibu. Aliinuka akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Usiku ule aliniita jikoni. Akashusha kopo la zamani la kahawa kutoka juu ya kabati, na ndani mlikuwa na vidonge: amlodipine na losartan. Ana presha tangu mwaka jana na hajamwambia mtu. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo pale nyumbani hakuna anayemwona akimeza. Anaogopa wanawe wakijua watauza ng'ombe na kumhamishia mjini akakae kwenye kochi. Nikaapa sitasema.

Oktoba nilirudi kwa ajili ya msiba. Nikampima kwa mashine yake mwenyewe, ikasoma 158 kwa 94. Nilipombana akakiri alikuwa hajameza dawa wiki nzima kwa kuwa alijisikia vizuri.

Sasa kampuni ya kutupandisha imeleta fomu ya afya. Inauliza presha, moyo, kisukari, pumu, seli mundu, dawa unazotumia. Inatakiwa irudi kabla ya tarehe 20 Novemba. Kaka zangu wamelegea, wamesema mzee aje lakini "akishindwa tusilaumiane". Baba ameniambia kwa simu, "Hapo kwenye presha andika hakuna."

Kampuni inasema tunaweza kuongeza usiku mmoja kwenye vibanda vya Horombo, katikati ya njia, ili mwili uzoee, kwa shilingi 170,000 kila mtu. Kaka mkubwa hataki: anaripoti kazini tarehe 2 Januari na anasema wengi wamefika kwa siku tano. Ili kupata nafasi ya baba kwenye bajeti, anapendekeza tubebe mabegi yetu wenyewe tupunguze wagumu, yaani wabeba mizigo, na bahashishi yao tuikate.

Nikiandika ukweli, nimemsaliti baba. Nikiandika uongo na likampata la kumpata huko juu, nitaishije? Nikimwambia asiende, nitakuwa nimeungana na wanaomwona amekwisha. Nifanyeje?

Binti wa Mzee, Dar es Salaam

MSHAURI ANAJIBU

Binti wa Mzee, mdogo wangu,

Umefunga mizigo mitatu kwa kamba moja: siri ya baba, ratiba ya siku tano, na hesabu ya fedha. Ndiyo maana unauona mzito namna hiyo. Tuifungue mmoja mmoja, kwa sababu ukishaitazama ratiba, hata siri yenyewe inabadilika uzito.

Lakini kabla ya hapo kuna jambo ambalo familia nzima mmelipokea bila kuliuliza: kwamba katika msafara huu mwenye mwili wa mashaka ni baba, na wengine wote ni wazima. Mlima haugawi watu hivyo. Ugonjwa wa mwinuko hauletwi na uzee wala na misuli dhaifu. Unaletwa na mwili kupelekwa juu haraka kuliko unavyoweza kuizoea hewa nyepesi. Pale Uhuru, kileleni kabisa, kila pumzi inakupa takribani nusu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam, na nusu hiyo ni ileile kwa mkimbiaji na kwa mstaafu. Mkimbiaji ana miguu ya kumfikisha juu upesi kabla mwili haujawa tayari, na mara nyingi anaona aibu kusema kichwa kinamuuma. Hifadhi haina ukomo wa juu wa umri. Mwaka 2019 Mmarekani Anne Lorimor alifika kileleni akiwa na miaka 89. Na ukiangalia mazoezi ya kila siku, baba yako anaishi kwenye miteremko ya Mamba, anakata majani na kuyapandisha nyumbani, wakati nyinyi mnashinda kwenye viti usawa wa bahari. Hayo hayamhakikishii kitu, lakini yanatosha kuliondoa neno "mzee atatuchelewesha". Kwa kweli msafara huu unahitaji mtu wa kuuchelewesha.

Sasa niruhusu niguse ambalo hukuliuliza. Umetaja kwa kupita tu kwamba mtoto wa kaka wa pili ana seli mundu. Mtoto huzaliwa na ugonjwa huo baada ya kurithi kwa wazazi wote wawili. Maana yake kaka yako, huyu wa kilomita kumi, karibu hakika ni mbebaji wa kinasaba chake. Naye alikipata kwa baba au kwa marehemu mama, kwa hiyo wewe, kaka mkubwa na mdogo wenu, kila mmoja ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa nacho pasipo kujua. Mbebaji haumwi. Anaishi maisha yake yote bila dalili, na wabebaji wengi wamepanda milima mirefu wakashuka salama. Lakini kuna hatari inayojulikana: kwenye mwinuko mkubwa, hasa mtu akijichosha sana na kukaukiwa maji, damu inaweza kuziba kwenye wengu, ambalo wengine huliita bandama. Dalili yake ni maumivu makali chini ya mbavu za kushoto, mara nyingine na kutapika au homa. Watu huyadhani ni tumbo la chakula, wanameza dawa ya gesi na kuendelea kupanda, na hapo ndipo yanapoharibika. Anayeumwa hivyo anapewa oksijeni, anashushwa mara moja na kupelekwa hospitali, na daktari anaambiwa kuwa huenda ni mbebaji. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha aina ya himoglobini mtu aliyonayo. Si kile cha wingi wa damu, kwa hiyo ukienda maabara kitaje wazi. Nyinyi ndugu wanne mnaweza kupima kabla fomu haijarudi.

Umeona fomu hiyo ilivyogeuka? Ulidhani ina mstari mmoja wa hatari, nao ni wa baba. Huenda mstari wa seli mundu unamhusu kaka aliyemwambia baba kwamba atabebwa. Usiende kumrushia hilo usoni kama jiwe, nakuomba. Lakini linakupa njia ya kuzungumza afya za watu wote sita kwa pamoja, bila mtu mmoja kuwekwa kizimbani.

Turudi kwa baba. Mwenye presha anaweza kupanda mlima mrefu kama presha hiyo imeshikwa vizuri na dawa na moyo wake umekaguliwa. Kinachokataza ni presha isiyotulia. Kwenye mwinuko na baridi presha hupanda kidogo hata kwa mzima, hasa siku za mwanzo, kwa hiyo anayeanza safari akiwa 158 kwa 94 anaanza tayari yuko juu. Hata hivyo kipimo kile ulikipata baada ya wiki nzima bila dawa. Hakikuambii presha ya baba ikoje akimeza dawa. Kinakuambia kuwa hamezi. Nadhani kilichokutia hofu zaidi si ile namba, ni kugundua kwamba mtu anayeacha dawa kwa sababu anajisikia vizuri ataweza pia kukaa kimya huko juu akijisikia vibaya. Hofu hiyo ina msingi.

Jambo la kwanza linalopimika, basi, ni baba ameze dawa kila siku kwa wiki tatu au nne na apime asubuhi na jioni, akiandika kwenye daftari. Ni mwalimu, daftari hatalikimbia. Amlodipine huchukua wiki moja hadi mbili kuonyesha nguvu yake yote, kwa hiyo vipimo vya siku tatu havisemi kitu. Na hilo daftari amwonyeshe daktari. KCMC pale Moshi, au taasisi ya moyo ya JKCI Dar, wanaweza kuupima umeme wa moyo na kuamua kama kuna haja ya kumpima moyo ukiwa kwenye kazi. Akifika kwa daktari asiseme "nataka cheti". Aseme: nitalala mita 4,700, na usiku huohuo nitapanda mpaka karibu mita 5,900 kwenye baridi ya nyuzi kumi au kumi na tano chini ya sifuri.

Kuna mambo matatu ambayo daktari asiyezoea mlima anaweza asiyaguse, kwa hiyo myaulize nyinyi. La kwanza ni Diamox, dawa ya kusaidia mwili kuzoea mwinuko. Dozi ya kinga iliyozoeleka ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inaongeza mkojo na kuwasha vidole kama ganzi, haifai kwa baadhi ya watu wenye mzio wa dawa za salfa, na daktari lazima aipime dhidi ya dawa ambazo baba anatumia. La pili ni za maumivu. Huko juu wengi huumwa kichwa, na mfukoni mwa kila mtu mna ibuprofen au diclofenac. Dawa hizo zinapandisha presha, na kwa anayetumia losartan huku amekaukiwa maji zinaweza kuumiza figo. Kwa baba iwe paracetamol, na msafara wote ujue. La tatu ni saa ya kumeza. Huenda baba humeza asubuhi. Asubuhi ya kilele atakuwa anatembea tangu saa sita usiku, vidonge vipo kwenye begi kibandani. Kama daktari ataruhusu kuhamishia jioni, ahame wiki mbili kabla, si huko mlimani. Na miguu ikivimba msikimbilie kusema ni mwinuko: amlodipine yenyewe huvimbisha vifundo.

Sasa ratiba. Hapa nina wasiwasi nayo kuliko nilivyo na wasiwasi na umri wa baba. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa mwinuko ni kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali unapolala pasizidi palipotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Marangu ya siku tano inakulaza Mandara mita 2,720, kesho yake Horombo 3,720, kesho yake Kibo karibu 4,720. Ni mita elfu moja kila usiku, mara mbili ya kanuni, na usiku huo wa tatu hamlali: mnafika Kibo alasiri, mnajilaza jioni, mnaamshwa kabla ya saa sita. Mbele yenu ni saa tano au sita za changarawe inayoteleza, mnapita pango la Hans Meyer mpaka kituo cha Gilman kwenye ukingo wa kreta, kisha saa moja na nusu au mbili za kuuzunguka ukingo huo kufika Uhuru. Kisha mnashuka siku hiyohiyo mpaka Horombo. Ndiyo, wengi wamefika kwa siku tano, kaka hasemi uongo. Wengi pia wameishia wakitapika kwenye ile changarawe, na kati yao vijana hawakosekani.

Usiku wa ziada Horombo hauiponyi ratiba kabisa, kwa sababu ruka ya kwenda Kibo inabaki ileile. Lakini unaupa mwili saa ishirini na nne zaidi kabla ya ruka hiyo. Siku hiyo si ya kulala kitandani: mnapanda taratibu mpaka Zebra Rocks, yale mawe yenye mistari kwenye mita 4,000 hivi, mnakaa kidogo, mnarudi kula na kulala chini. Kwa baba kuna faida nyingine. Siku mbili Horombo zinaonyesha presha yake inavyoitikia, kwa mashine yake mwenyewe, kabla hajafika mahali ambapo kushuka ni usiku na ni mbali.

Kuhusu shilingi 170,000: mgeni kutoka nje analipa hifadhi kwa dola kila siku, na ndicho kinachofanya siku ya ziada kuwa ghali kwake. Raia analipa kidogo sana kwa shilingi. Kwenu siku hiyo imebeba zaidi ujira, chakula na kitanda. Iombe kampuni iwachanganulie, kwa upole, huenda ikashuka. Ila muulizeni kwanza kama kitanda kipo. Horombo hulaza wanaopanda na wanaoshuka kwa pamoja, na siku kati ya Krismasi na mwaka mpya hujaa. Kampuni isiwape ahadi kabla haijapata nafasi hiyo hifadhini. Na kama tarehe 2 ya kaka haihamishiki, siku ya sita inaweza kuwa ya mbele: mkaingia getini tarehe 26. Ina gharama yake, maana Krismasi yenu itabidi iwe ya mtori na maji badala ya mbege. Pombe inakausha mwili na kupunguza upumuaji wa usingizini, na usingizi wa mwinuko tayari una upungufu huo.

Pendekezo la kukata wagumu na bahashishi ndilo pekee katika barua yako ambalo sikuliona kama akiba. Mnapanga kumpa nafasi baba, kisha mnaongeza kilo kumi mgongoni mwa kila mtu, kwenye hewa ambayo kufunga kamba za buti tu kunakufanya uhemee. Mbebaji wa seli mundu ndiye hasa hapaswi kujichosha hivyo. Na chakula, gesi na maji hayapungui kwa kuwa mabegi yamehama: pale Kibo hakuna maji, yanabebwa kutoka chini, kichwani na mgongoni mwa mtu. Mzigo wa mgumu hupimwa getini, kikomo ni kilo 20. Kwa Marangu, ambako hakuna mahema, kwa kawaida huhitajika wawili hadi watatu kwa kila mpandaji. Bahashishi kwao ni sehemu ya mshahara. Nanyi ni watoto wa Mamba. Baadhi yao mtakuwa mnasali nao kanisa moja. Kama fedha imebana kweli, tazama kwenye vifaa. Jaketi nene, buti na fimbo za kupandia hukodishwa Moshi, na soko la mitumba la Memorial lina sweta na boshori nzuri kwa bei ndogo. Buti tu usimkodishie baba: zake anunue sasa, kubwa kidogo ya saizi yake, azivae shambani mpaka Desemba, kwa sababu wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele na kucha hung'oka.

Ukishayaweka hayo mezani, naona njia nne mbele yenu, na kila moja ina bei yake.

Mnaweza kwenda wote kwa siku tano kama ilivyopangwa. Hamvunji sheria yoyote. Hatari yake ni kwamba mnawapa watu sita, mmoja ana presha na wengine huenda ni wabebaji, ratiba ngumu kuliko zote, na saa ya kuamua kushuka itakuja usiku mkiwa mmechoka na mmelipa.

Mnaweza kwenda wote kwa siku sita, baba akiwa na ruhusa ya daktari. Hapa dai waongozaji watatu kwa watu sita. Sababu ni ya hesabu tu: mmoja akiugua anashuka na mwongozaji wa kwanza, wa pili akiugua saa moja baadaye anashuka na mwingine, na waliobaki bado wana mtu. Msafara wenye mwongozaji mmoja na msaidizi mmoja humlazimisha mgonjwa wa pili kuvumilia, na kuvumilia ndiko kunakoua mlimani.

Baba anaweza kupanda nanyi mpaka Horombo, akalala huko mausiku mawili, akafika Zebra Rocks, kisha akashuka na mwongozaji wake nyinyi mkiendelea. Hii haina udhalili wowote ikipangwa tangu nyumbani. Ikitangazwa ghafla huko juu mbele ya wanawe ndiyo inakuwa hukumu. Kwa mwalimu wa jiografia kuna mengi ya kuona: msitu unaisha kama umekatwa kwa kisu, kreta ya Maundi iko jirani tu na Mandara, na vibanda vyote viwili vimebeba majina ya mamangi, watawala wa Kichaga wa zamani: Mandara wa Moshi na Horombo wa Rombo. Bei ya njia hii ni hasa ya hisia: baba alisema anataka kuiona 5,895, hakusema 3,720.

Au mnaweza kuahirisha, mkaenda kati ya Juni na Oktoba au Januari na Februari mwanzoni, wakati anga ni kavu kuliko mwisho wa vuli, dawa zimeshatulia na hakuna foleni Horombo. Mnapoteza mkusanyiko wa Desemba, na mipango ya familia ikishaahirishwa wakati mwingine hairudi.

Yoyote mtakayoichukua, kubalianeni masharti ya kushuka mkiwa sebuleni. Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu: hupandi zaidi mpaka kiishe. Kikizidi: unashuka. Anayeyumba, au anayeshindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka kisigino kwa kidole, ubongo wake umeanza kuvimba. Anayehema akiwa ameketi, au kukohoa mate yenye povu la pinki, mapafu yanajaa maji. Hao wanashuka usiku huohuo, hakuna kungoja kuche. Aandikwe pia mtu mmoja ambaye neno lake la kushuka halibishaniwi, na asiwe ndugu yenu. Mwongozaji mkuu ndiye anafaa, kwa sababu hana deni la heshima kwa mzee wala la ushindani kwa kaka.

Lakini mwongozaji hawezi kusema neno hilo kwa haki kama karatasi yake imeandikwa "hakuna". Nadhani hapa ndipo siri ya baba ilipo, mdogo wangu. Uliapa kutowaambia kaka zako. Sijui kama uliapa kumficha mtu atakayemshika mkono kwenye ile changarawe. Huenda kwako hayo ni kitu kimoja, nami siwezi kuamua kiapo chako kinafika wapi. Ila inawezekana kuuliza kampuni, kabla hujajaza chochote, kama fomu ya kila mpandaji inaweza kwenda kwa mwongozaji mkuu peke yake. Na inawezekana usiijaze wewe. Baba ana mwandiko wake. Unaweza kumpelekea karatasi yake na kalamu, ukamwambia: "Baba, za wengine nitajaza, yako sitaijaza. Sitakusemea kwa kaka, lakini sitaandika hakuna kwa mkono wangu." Atakasirika, pengine. Anaweza pia kuandika uongo mwenyewe, na hapo utakuwa na uamuzi mwingine wa kufanya, mgumu kuliko huu.

Jiulize pia anachokiogopa hasa. Kutoka barua yako haonekani kuogopa mlima. Anaogopa kopo lile la kahawa likionekana, ng'ombe watauzwa. Kama kuna ahadi unayoweza kumpa, au kuwaomba kaka zako waitoe, kwamba ng'ombe na nyumba havijadiliwi Desemba hii wala kwa sababu ya dawa, huenda ulimi wake ukafunguka bila kuvuta. Wewe unawajua watu wako, utajua kama ahadi hiyo inawezekana.

Kuhusu siku: kama baba ataanza dawa na daftari wiki hii, fomu itarudi tarehe 20 akiwa bado hajakamilisha vipimo. Iombe kampuni ipokee nyongeza ya daktari mpaka wiki ya kwanza ya Desemba, na uulize kwa maandishi mtarudishiwa kiasi gani ikiwa daktari atasema hapana. Hilo la marejesho liulize kwa watu wote sita, usitaje jina.